Mimba ikitoka, tumwambie patron ao tunyamaze?

Siku ya Mungu moja, nyuma ya misa, mama mmoja kijana alitufikia pale tunapokutanikaka sisi wa sindika, hapa Butembo. Alikuwa na bahasha mkononi. Anafanya kazi jikoni kwenye kambi ya kampuni moja ya madini. Jina la kampuni tunaliacha. Alikuwa na mimba ya wiki tisa. Siku ya ine usiku akaanza kutokwa na damu, na kufika asubuhi mimba ilikuwa imetoka. Dokta alimpa siku sita za kupumzika na karatasi ya kupeleka kazini. Swali lake lilikuwa fupi: «Papa delege, hii karatasi nipeleke ao niipasue?»

Tuliwaza jibu ni rahisi. Karatasi ya dokta inapelekwaka kwa chef du personnel, mambo yanaisha. Lakini tulipoifungua tukaelewa woga wake. Dokta alikuwa ameandika: «avortement spontané, repos six jours».

Ndugu wasomaji, neno hilo moja limeumiza wamama wengi. Katika kifaransa cha waganga, avortement ni mimba yoyote inayoisha mbele ya mtoto kuweza kuishi inje ya tumbo, na spontané maana yake imejitokea yenyewe. Sisi katika kiswahili chetu tunatofautisha vizuri kabisa: mimba imetoka, ao mimba imeharibika, hapo hakuna mwenye kosa, lakini kutosha mimba, hapo kuna mutu aliyefanya. Sasa karatasi inafika kwa pointeur, kijana mwenye diplome d'État kama wengi wetu, anasoma neno la kwanza, la pili halisomi. Jioni kambi nzima inasema: «Yule wa jikoni ametosha mimba.» Na kila mutu anajua kwamba Code pénal, artikle 165 na 166, inaadhibu kutosha mimba kwa miaka ya gereza. Tuseme wazi, juu wengi wanatuuliza: mama ambaye mimba yake imetoka yenyewe hana kosa lolote mbele ya sheria. Hakuna artikle inayomugusa. Na tangu tarehe 14 Machi 2018, Protokole ya Maputo ilipotangazwa katika Journal officiel, kuko hata hali ambamo sheria inaruhusu dokta kuondoa mimba. Lakini tuambiane ukweli, ni nani kwenye ofisi ya kambi amesoma Journal officiel?

Basi tulimrudisha mama yule kwa dokta. Tulimwambia aombe karatasi ingine yenye kusema tu: repos médical, siku sita, tarehe ya kuanza na ya kuisha, sahihi na muhuri. Dokta hakukataa, hata alishangaa juu hakuwaza kwamba karatasi yake itasomwa na watu watano mbele ya kufika mahali pake. Kwa kuhesabu siku na mshahara, ofisi inahitaji kujua mambo mawili: huyu hawezi kufanya kazi, na ni kwa siku ngapi. Ugonjwa gani, hiyo ni siri ya mgonjwa na muganga. Artikle 73 ya Code pénal inafunga kinywa cha kila mwenye kupokea siri juu ya kazi yake, na muganga wa kampuni na infirmier wa kambi wako ndani ya kundi hilo. Kulipwa na patron hakuwafanyi kuwa masikio ya patron.

Hapo mambo yangeishia, na makala hii ingekuwa fupi. Lakini kuko bon de soins.

Wote mnaojua kambi mnajua njia ya bon de soins. Artikle 178 ya Code du travail inasema mwajiri anapaswa kutunza mfanyakazi pamoja na jamaa yake wakati wa ugonjwa, wa ajali, wa mimba na wa kuzaa, hata kama kontra imesimamishwa. Kwa hiyo mimba ikitoka, iwe ya mfanyakazi mwenyewe ao ya bibi ya mfanyakazi, usiku wa hospitali, dawa, na kazi ya kusafisha tumbo vyote ni mzigo wa mwajiri. Vizuri sana. Lakini bon inaombwa kwa infirmier, inapigwa sahihi kwa personnel, hospitali inaipokea, na mwisho wa mwezi hospitali inatuma fakture kwa kontable. Na fakture inasema yote: «curetage», ao «AMIU», bei, na jina la mgonjwa. Karatasi ya mapumziko inaweza kunyamaza, fakture itaongea.

Ndiyo maana wamama wengi, na hata wababa wachimbaji, wanalipa kwa mfuko wao. Wanauza mbuzi, wanakopa kwa likelemba, wanapeleka mgonjwa kwenye hospitali ambako hawajulikani, ilhali sheria imesema patron alipe. Siri wanainunua. Na wengine, hili ndilo linatuogopesha zaidi, hawaendi hospitali hata kidogo. Wanabaki nyumbani na majani. Sasa, damu ikijaza vitambaa viwili kwa saa moja na saa ya pili vilevile, homa ikipanda, harufu ikiwa mbaya, kizunguzungu, ao maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, hapo hakuna kusubiri bon wala kuhesabu nani atajua. Panda moto, enda hospitali, mambo ya karatasi tutayapigania nyuma.

Kwenye kampuni moja tuliomba fakture za waganga ziingie katika bahasha iliyofungwa mpaka kwa dokta wa kampuni, na kontable apate jumla tu ya franga. Walitujibu kwamba hiyo ni kuongeza kazi. Tulirudi mara tatu. Mara ya ine walikubali. Haikuwapunguzia hata franga moja, ilikuwa tu desturi.

Juu ya pesa, wengi hawajui hesabu yao. Mimba iliyotoka mapema, Code du travail haiitaji kwa jina lake. Kwa hiyo inaingia katika kanuni ya ugonjwa: kontra inasimamishwa, na artikle 105 inampa mfanyakazi mbili kwa tatu za mshahara wake. Chukua mutu wa dola 300 kwa siku 26. Siku moja ni karibu dola 11 na nusu. Kwa siku sita za ugonjwa zenye karatasi, anapoteza karibu dola 23. Akikaa nyumbani siku sita bila karatasi, anapoteza dola 69 nzima, na kwenye kitabu cha pointage wanamuandikia kwamba hakuja bila sababu. Wenye kupasua karatasi juu ya haya hawajui kwamba wanapasua pia dola 46 na ushahidi wao.

Lakini ikiwa mimba ilikuwa imekwisha kuwa kubwa, na mtoto akazaliwa amekufa, hapo kubali tukusumbue: usikubali waandike ugonjwa. Hiyo ni kuzaa. Artikle 130 inampa mama wiki 14 na mbili kwa tatu za mshahara, na inasema kabisa «que l'enfant vive ou non», mtoto awe muzima ao hapana. Tumekuta wamama waliorudishwa kazini nyuma ya siku kumi juu mtu wa ofisi alisema hakuna mtoto wa kunyonyesha. Dokta aandike wazi kama ni accouchement. Mistari miwili ya kalamu yake ni miezi mitatu ya mama.

Turudi kwa swali lenyewe, kumwambia ao kutomwambia. Katika sindika hatuna sauti moja. Kuko wenzetu wanaosema: sema kila kitu, juu siri ni silaha ya patron. Kuko wengine, na wamama wengi wako huko, wanaosema: ukimwambia patron kwamba umepoteza mimba, umemwambia pia kwamba unatafuta mtoto. Kwa mwenye kontra ya miezi tatu tatu, hiyo inatosha. Hawatamfukuza, hapana, watamshukuru kwa kazi nzuri na kontra itaisha.

Hawakosei kuogopa. Sheria iko: artikle 128 inakataza kulazimisha mwanamke anayetafuta kazi apimwe mimba, ao alete karatasi ya kuonyesha kama iko na mimba ao hapana, isipokuwa kwa kazi zenye kukatazwa kwa wenye mimba ao zenye hatari kwao, artikle 62 inasema mimba, kuzaa na matokeo yake si sababu ya kufukuza mutu, na artikle 63 inaruhusu tribinali kutoza mwajiri mpaka mishahara ya miezi 36. Lakini kontra iliyoisha tarehe yake ni vigumu kuonyesha kwamba iliuawa. Tulipoteza kesi moja ya namna hiyo, hatuwezi kuficha. Jambo ambalo linasaidiaka ni artikle 40, na tunaomba mulikate mulibandike ukutani: mfanyakazi wa siku kwa siku aliyetumika siku 22 ndani ya miezi miwili, wakimuchukua tena mbele ya miezi miwili kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya kudumu. Kuko wamama wa jikoni, wa kufua, wa kupepeta mchanga, wanaoitwa journalières tangu miaka mitatu na ambao kwa sheria hawako journalières tena. Mama wa kontra ya kudumu anaweza kuongea akiwa amesimama.

Kuko pia kosa letu wenyewe, na tunaliandika juu wengine wasilirudie. Miaka michache iliyopita, mfanyakazi mmoja alimwambia delege wetu habari yake kwa siri. Sisi, kwa bidii, tukaenda kwa mkubwa wa kambi kumuombea siku za kupumzika na kazi nyepesi. Hatukumuuliza mwenyewe. Mkubwa alikubali, siku alipewa, tukajipongeza. Lakini siku ya pili wenzake walimpokea na maneno ya «pole mama», na mama-mukwe wake, ambaye hakujua hata kama kulikuwa mimba, alizisikia sokoni. Mama yule hakurudi kwetu tena. Alichotaka ni mutu wa kumsikiliza, sisi tukampa négociation. Tangu siku ile tuna kanuni: habari ni ya mama. Delege haitoi hatua moja mbele ya mama kusema ndiyo, hata kama patron iko tayari kutoa kitu.

Na wababa? Wengi wanaosoma ukurasa huu ni wanaume wa shimo, na wanasema hii ni mambo ya wanawake. Artikle 146 inatoa siku mbili bibi akizaa, na siku ine mutu akifiwa na bibi, mzazi ao mtoto. Mimba iliyotoka haiko kwenye orodha. Basi wanaume wanadanganya. Wanasema malaria, ao mjomba amekufa. Wajomba wetu wa Lubero wamekufa mara nyingi sana kwenye vitabu vya pointage. Mwaka jana kwenye mkutano tulipoleta jambo hili, vijana nyuma walianza kucheka. Mzee mmoja wa kutoboa mawe akasimama. Alisema usiku ule bibi yake alipopoteza mimba ya kwanza, yeye alishuka shimoni kama kawaida, na alipochelewa asubuhi aliambia sefu kwamba moto iliharibika njiani. «Mpaka leo,» alisema, «sefu anajua moto yangu ilikuwa mbovu.» Hakuna aliyecheka tena. Wanaume wawili walitufuata nje.

Tusisahau pia wamama wasiokuwa na chef du personnel. Kwenye karieri za dhahabu, upande wa Manguredjipa na kwingine, mama anatwanga mawe, anabeba mifuko, anauza chakula, na mkubwa wake ni PDG wa shimo. Kule hakuna karatasi ya kupeleka. Kuko hata jambo la kinyume: amri ya waziri wa madini ya tarehe 29 Februari 2012, ile yenye kupanga karieri kwa rangi ya kijani, manjano na nyekundu, inahesabu wanawake wenye mimba kati ya mambo yanayochafua karieri. Nia ilikuwa njema, kulinda mama na mtoto. Lakini hakuna aliyefikiri mama yule atakula nini. Basi anaficha tumbo, anafunga kitenge juu ya kitenge, anabeba mzigo ule ule na wengine, ili asifukuzwe. Na mimba ikitoka, anaificha pia, juu akisema imetoka atakuwa amekubali kwamba ilikuwako. Siku ya pili iko tena kwenye jiwe. Huyu hakuna artikle tunayoweza kumpa mkononi leo. Kwenye karieri mbili wamama wenyewe wameweka likelemba ya ugonjwa: mwenye kuanguka anapewa posho ya juma moja, hakuna kuuliza anaumwa nini. Kwa maoni yetu hiyo imefikiriwa vizuri kuliko bon de soins yetu.

Wamama wa Beni na Butembo wana sababu ingine ya kunyamaza, na wageni hawaielewi. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa Mangina, mpaka ilipoisha tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa ule uliua watu 2.287. Kutokwa na damu bila sababu ilikuwa alama ya kuitia timu ya riposte. Mama ambaye mimba imetoka katika miezi ile alijua kwamba akisema, gari linaweza kuja na watu waliovaa plastiki, jirani wanatazama. Wengi walijifunza kufua vitambaa usiku. Ebola iliisha, mazoea yale hayakuisha yote.

Pamoja na haya yote, kuko siku ambapo tunamuomba mama aseme. Ni pale kazi yenyewe ina mkono ndani yake. Waganga wanasema kati ya mimba kumi zinazojulikana, moja ao zaidi inatoka, wingi ndani ya wiki 12 za kwanza, na karibu nusu ao zaidi ya hizo ni juu mbegu ya mtoto haikujipanga vizuri tangu mwanzo. Siyo juu mama aligombana na mukwe, wala juu alipanda moto kwenda Beni. Hiyo ni ya kumfariji. Lakini malaria inaharibu mimba, na mvuke wa merkire, ile tunayochoma kwa kutenganisha dhahabu, unapita kwa mama mpaka kwa mtoto tumboni. Wamama watatu wa sehemu moja ya kazi wakipoteza mimba na kila mmoja akinyamaza, ni bahati mbaya tatu. Wakisema, hata bila majina, kupitia dokta ao kupitia delege, hapo inakuwa swali la kuuliza mwajiri na Inspection du travail: hewa ya pale ikoje? Nani anachoma merkire karibu na jiko? Tunaweza kubeba habari bila kubeba jina. Hiyo tumejifunza kwa kosa lile.

Ukivuka Kasindi, kwa jirani zetu wa Uganda, sheria yao ya kazi ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi na mshahara mzima, na inasema angalau wiki ine kati yake zifuate kuzaa ao mimba kutoka. Imeandikwa hivyo, neno kwa neno, mimba kutoka. India, tangu sheria ya mwaka 1961, inatoa wiki sita. New Zealand, mwaka 2021, ilitoa siku tatu za kilio zenye kulipwa, kwa mama na kwa bwana yake pia. Pale mama hatafuti neno la kuficha, juu neno liko tayari kwenye sheria.

Mama wa jikoni alipeleka karatasi ya pili. Chef du personnel alimuuliza: «Ni malaria?» Akajibu: «Ni ugonjwa, dokta ameandika.» Alipumzika siku zake sita, mshahara ulikuja na kipande kilichokatwa vile tulivyomwambia. Karatasi ya kwanza hakuipasua. Alituambia ameiweka ndani ya Biblia yake.

Kwenye cahier ya madai ya mwaka huu tumeandika mambo matatu: siku tatu za kulipwa mimba ikitoka, kwa mfanyakazi mwanamke na kwa mfanyakazi ambaye ni bibi yake aliyepatwa; karatasi ya dokta isiyotaja ugonjwa ikubaliwe bila maswali; fakture za hospitali katika bahasha iliyofungwa. Jambo la tatu wamekubali. La pili wanasema watasoma règlement d'entreprise. La kwanza walitujibu kwamba wanaume watalitumia kwa kulewa. Tunarudi kwenye meza mwezi ujao, na mzee wa kutoboa mawe amesema atakuja nasi.